Priampu mpya ya fono katika nyumba ya mawe, Lamu: uzoefu wangu na iFi ZEN Phono

Kama unapiga santuri za taarabu na maneno ya mwimbaji yanakupotea, usikimbilie kubadilisha spika. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Lamu nimeona wenzangu wakinunua spika kubwa zaidi, na maneno yakabaki yamefichika palepale. Mimi nilibadilisha priampu ya fono, kile kijisanduku kinachokaa kati ya mashine ya santuri na ampilifaya. Ami yangu, ambaye santuri hizi ni zake, sasa husikiliza upande mzima bila kumuuliza mtu "amesemaje hapo?"

Nieleze kwanza vifaa nilivyo navyo. Mashine yangu haina mkanda, sahani inazungushwa na mota moja kwa moja, na ilikuja na priampu yake ndani. Kichwa cha sindano ni AT-VM95E cha Audio-Technica, aina ya sumaku inayocheza, ile inayoandikwa MM. Ampilifaya ni ya Kijapani ya zamani, ina vitufe vya besi (sauti nzito) na trebo (sauti kali) na kitufe cha mono, na hicho cha mono nitakirudia. Kabla ya kununua chochote nilisafisha santuri zote na kupanga uzito wa sindano kuwa gramu 2. Nawe anza hapo. Hakuna priampu itakayokutolea mchanga ndani ya mfereji wa santuri.

Priampu ya fono ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza. Kichwa kama changu hutoa takriban milivolti 4 tu, wakati ampilifaya, kwenye tundu la kaseti au sidii, inataka kiasi cha robo volti. ZEN Phono ikiwekwa kwenye MM hukuza kwa desibeli 36, yaani kama mara 63, na milivolti 4 zinafika robo volti. Ina ngazi nyingine tatu, desibeli 48, 60 na 72, kwa vichwa vya koili inayocheza ambavyo umeme wake ni mdogo zaidi. Sasa fikiria: ukikuza muziki mara 63, uchafu wowote ulioingia njiani nao unakuzwa mara 63. Ndiyo maana kwa priampu ya ndani nilikuwa nikipandisha sauti tu, kabla sindano haijatua, nasikia "ssss" upande mmoja na mvumo wa umeme wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) chini yake. Kwa hii mpya lazima nisogeze sikio hadi kwenye spika ndipo nisikie kitu.

Kazi ya pili ndiyo isiyotajwa sana, na kwangu ndiyo kubwa. Santuri haichongwi na sauti kama ilivyotoka kinywani. Besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, la sivyo mfereji ungeyumba mno, ungekula nafasi na sindano ingeruka. Trebo nayo huongezwa ili iushinde mkwaruzo wa sindano. Tangu 1954 viwanda vilianza kufuata kanuni moja, ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani. Wakati wa kupiga, priampu hugeuza hesabu hiyo: ukilinganisha na hezi 1,000, hezi 20 hupandishwa karibu desibeli 20, na hezi 20,000 hushushwa karibu kiasi hichohicho. Priampu ikikosea hapo, unasikia santuri ambayo fundi hakuichonga. Sauti ya mwanamke inakuwa nyembamba na kali, au inazibwa, na fidla inaparuza.

Wimbo wa taarabu ni shairi, na shairi mara nyingi ni fumbo. Neno moja likikupita, ubeti mzima umekwenda. Katika santuri ndogo za Mzuri, lebo ya Assanand wa Mombasa, kuna za Zuhura Swaleh, na humo taishokoto, ala ya nyuzi yenye vitufe, hupigwa kwa kasi juu ya ngoma huku mwimbaji akipita katikati. Kwa priampu ya zamani vyote vitatu vilikuwa vimeshikana. Herufi s na sh ziliungana na mlio wa nyuzi, nikajua kuna neno lakini nisijue ni lipi. Sasa nyuzi ziko pembeni na mwimbaji yuko mbele yake, kila herufi mahali pake. Ami alinyanyua mkono ninyamaze, akasema kwa Kiamu chetu: "Mwanangu, hapo. Hapo yuwatamka."

Kwa Zein l'Abdin, mwimbaji na mpigaji udi mzaliwa wa Lamu, tofauti nyingine. Udi wake ulikuwa na sauti nzuri tangu zamani, sikuwa na malalamiko. Lakini mlio wa uzi mnene sasa unakaa hewani na kufifia taratibu kabla uzi mwingine haujapigwa. Hapo awali mkia huo ulikuwa unamezwa na mvumo, kwa hiyo sikujua kwamba upo.

Kutatarika kwa santuri hakukuisha, na usimwamini muuzaji atakayekuahidi kuwa kutaisha. Mikwaruzo imo ndani ya plastiki. Kilichobadilika ni kwamba kila mpasuko ni mfupi: unalia, umekwisha, muziki unaendelea. Mpasuko hutoa umeme mwingi kwa ghafla kuliko muziki wenyewe, na priampu isiyo na nafasi ya kutosha juu huzidiwa nao, ikachelewa kurudi. Halafu tumia kitufe cha mono, ukiwa nacho kwenye ampilifaya. Santuri za mono, zile zenye sauti moja kwa spika zote mbili, huchongwa kwa mfereji unaoyumba kushoto na kulia tu, kwa hiyo kila kinachoipeleka sindano juu na chini ni uchafu. Ukibonyeza mono, pande mbili zinajumlishwa na sehemu kubwa ya uchafu huo inajifuta yenyewe. Hilo halikugharimu hata shilingi, na kwa single za zamani zilizochoka nalithamini karibu sawa na kifaa chenyewe.

Mbele ya kifaa kuna kitufe cha kuchuja mitetemo ya chini kabisa, ile ambayo sikio halisikii. Joto letu hupindisha santuri, hasa zilizolazwa juu ya kabati. Santuri iliyopinda ikizunguka, sindano hupanda na kushuka, na kwa kuwa RIAA hupandisha besi, msukosuko huo hukuzwa pamoja nayo. Utaona koni za spika zikiingia na kutoka ingawa hakuna mtu anayepiga ngoma. Kwa santuri zangu zilizopinda nabonyeza kitufe, koni zinatulia, na besi ya muziki siioni ikipungua. Kwa santuri iliyonyooka naacha kimezimwa.

Kwenye kufunga, mambo ni machache. Mashine yenye priampu ya ndani ina swichi nyuma ya kuchagua fono (sauti ghafi ya sindano) au laini (sauti iliyokwisha kukuzwa), na ukiongeza priampu ya nje lazima swichi iwe kwenye fono. Ikibaki kwenye laini, sauti itakuzwa na kurekebishwa mara mbili, na utasikia besi nzito iliyovurugika. Priampu nayo iunganishe kwenye tundu la kawaida la ampilifaya, si lile la fono. Ule waya mwembamba wa athi unaotoka kwenye mashine ufunge kwenye skrubu ya priampu kwa nguvu ya vidole, maana ukilegea mvumo unarudi papo hapo. Waya kutoka mashine hadi priampu uwe mfupi, kwa sababu waya mrefu huongeza kapasitansi, yaani umeme unaoshikiliwa na waya wenyewe, ambayo hupimwa kwa pikofaradi, na kichwa hiki kinataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200 tu. Ukihitaji urefu, urefushe ule wa kutoka priampu kwenda ampilifaya. Tena iweke mbali na transfoma ya ampilifaya. Mimi nimeitia ndani ya kidaka ukutani, na ukuta wa matumbawe haupitishi kishindo cha mtu anayepanda ngazi.

Umeme wa kisiwani hupanda na kushuka, lakini kifaa hiki kinakula volti 5 kutoka adapta ndogo, na adapta hiyo hupokea volti 100 hadi 240. Nimejaribu pia kuilisha kwa pawabenki, nikitafuta kama ukimya utazidi. Sikusikia tofauti, kwa hiyo nimebaki na adapta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chumvi. Upepo wa bahari hufanya vichwa vya waya vitoke kutu ya kijani, na kutu hiyo ikianza, upande mmoja wa sauti huwa unakatika. Nina desturi ya kuchomoa waya, kufuta kwa spiriti na kurudisha. Umeme wa milivolti 4 hauvumilii kutu, na kama ungeniuliza kwa nini watu wengi wa pwani wanadhani mashine zao zimekufa, ningewaambia waanze na vichwa vya waya.

Kuna jambo ambalo priampu haitalifanya. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zimepigwa chokaa ngumu. Sauti inagonga ukuta na kurudi. Nilisogeza spika upande mfupi wa chumba, nikatandika zulia nene na kutundika pazia zito, na hayo yaliongeza uwazi wa maneno kwa kiasi ambacho nakiheshimu. Anayeanza bila fedha za kifaa aanze na pazia.

Kuhusu bei, ilipotoka iliuzwa karibu dola 150, na mpaka ikushukie jetini kutoka Mokowe utakuwa umeongeza usafiri na ushuru. Kwa mwenye santuri chache za kisasa zilizochapwa upya, na mashine yake haina mvumo, sioni haja. Kwa mwenye rundo la single za miaka ya 1970 na mzee nyumbani anayezikumbuka kwa moyo, naona ni fedha zilizokwenda mahali pake.

Zile santuri za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni habari nyingine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka mingi kabla ya kanuni ya RIAA, na mfereji wa 78 ni mpana kuliko wa 45. Sindano ya kawaida inaburura chini yake na kuuharibu. ZEN Phono haina urekebishaji wa zama zile, kwa hiyo itanibidi kuzipiga kwa RIAA na kusahihisha kwa vitufe vya besi na trebo vya ampilifaya. Ami anazo za 78 kadhaa, na mashine yangu ina spidi hiyo. Nimemwambia tusiziguse mpaka niagize sindano ya VMN95SP, ambayo ni ya 78 na inaingia kwenye kichwa hikihiki nilicho nacho. Naiagiza hiyo kabla ya kitu kingine chochote.