Mafunzo ya siku moja ya kuwahudumia nyangumi na pomboo waliokwama

Nilijiandikisha katika mafunzo haya nikidhani kwamba kazi ya mwokoaji ni kumsukuma mnyama arudi majini haraka iwezekanavyo. Kufikia saa sita mchana dhana hiyo ilikuwa imenitoka, na kwa hilo peke yake ada niliyolipa haikupotea.

Mkufunzi alianza na mwili wa mnyama. Nyangumi aliyezoea kubebwa na maji, akishalala juu ya mchanga, hukandamizwa na uzito wake mwenyewe. Misuli huharibika na kumwaga katika damu vitu vinavyoziumiza figo, huku tabaka la mafuta lililomkinga na baridi ya bahari likizuia joto lisimtoke. Ndiyo maana anayerudishwa majini baada ya saa nyingi huweza kuogelea kidogo tu, kisha akafia mbele ya safari.

Mazoezi ya vitendo ndiyo sehemu bora. Tulipewa pomboo wa mpira aliyejazwa maji, mzito kwelikweli, tukafundishwa kumlaza kifudifudi, kuchimba vishimo chini ya mapezi ya kifuani, kumfunika shuka mbichi na kumpandisha kwenye machela bila kumvuta mkia. Mwenzangu mmoja alimmwagia ndoo nzima juu ya tundu la kupumulia lililo utosini. Mkufunzi akasimamisha zoezi na kusema kwa upole kwamba pomboo wetu ameshakufa maji.

Somo la sababu za wanyama hawa kukwama lilinipungukia, kwa kuwa karibu lote lilihusu sona za manowari, yaani mitambo inayotuma sauti kali majini kutafuta vitu kwa mwangwi wake. Ushahidi wake ni mzito: mwaka 2002, wakati wa mazoezi ya kijeshi katika Visiwa vya Canary, nyangumi 14 wenye midomo mirefu walikwama, na waliopasuliwa walikutwa na dalili za viputo vya gesi mwilini, mithili ya mpiga mbizi aliyeibuka upesi mno. Hata hivyo, fukwe zenye mteremko mdogo, ambazo hazirudishi vizuri mwangwi wa sauti wanazotumia wanyama hawa kutambua njia, na mshikamano unaowafanya wazima wamfuate mgonjwa hadi kina kifupi, vilistahili zaidi ya dakika tano. Bila hayo ni vigumu kuelewa jinsi nyangumi wapatao 470 walivyokwama pamoja Tasmania mwaka 2020. Nyavu, kugongwa na meli na magonjwa ya virusi vilipitiwa kwa sentensi moja.

Mavazi ya kuingilia majini tuliyoazimwa yalikuwa ya saizi mbili tu. Mwenye mwili mkubwa aje na yake.