Bunduki fupi ya mshale: urefu safi, kifyatulio hatari

Naandika nikiwa bado na hasira. Bunduki hii ya kuwindia samaki chini ya maji, ya sentimita 60, niliinunua kitambo kidogo kwa ajili ya maji mafupi, penye miamba na vumbi la mchanga, ambako samaki humwoni mpaka umfikie. Kwa kazi hiyo urefu wake hauna mpinzani. Ya mita moja ukiipenyeza pangoni haigeuki. Hii naizungusha kwa mkono mmoja, chewa akichungulia tu nimeshamwelekea. Mpira mmoja wa kurushia mshale unatosha kabisa. Samaki wa huko unampiga karibu, na nguvu za ziada zinaishia kukunja mshale kwenye mwamba.

Lakini kifyatulio! Lile jino la ndani linaloshika mshale ni la plastiki. Plastiki, mahali panapobeba mvuto wote wa mpira! Siku hiyo nimeegemeza kitako kifuani, nimevuta mpira, nimepachika kamba yake kwenye mkato wa mshale, naachia mikono tu, mshale huo ukaondoka. Kidole hakikuwa hata karibu. Sefti nilikuwa nimeifunga, na haikusaidia kitu, maana sefti inazuia kidole kuvuta, haizuii jino lililolika kuteleza. Nashukuru nilikuwa nakoki ndani ya maji, mdomo wa bunduki ukitazama kusiko na mtu. Mwenzangu alikuwa ubavuni. Angekuwa mbele je?

Nikairudisha. Muuzaji hakuigusa hata kuitazama. "Kaka, wewe hujui kukoki." Mbele ya wateja! Nikamfungulia kishikio, nikamwonyesha jino lilivyolika upande mmoja. Akasema nimelilisha mchanga, niwe naiosha kwa maji yasiyo na chumvi. Naiosha kila nikitoka majini!

Nilitaka kuandika kwamba inunueni, ila badilisheni mtambo wa kifyatulio mapema. Hapana. Msiinunue. Kitu kinachoweza kumtoboa mtu hakiuzwi kwa matumaini kwamba mnunuzi atakimalizia mwenyewe. Wapo wanaonishauri nihamie ya hewa, inayorusha mshale kwa hewa iliyobanwa badala ya mpira. Hiyo nayo kuishindilia mshale kunataka misuli, na mchanga ukiingia kwenye mpira wa kuzibia, hewa inavuja.

Kwa hiyo nikinunua nyingine, urefu ni uleule wa sentimita 60, sibadili. Ila kishikio kifunguliwe kwanza, nione jino na kifyatulio vyote ni chuma cha pua. Muuzaji asiyetaka kufungua abaki na bunduki yake.