Kozi ya Jumamosi ya saikolojia ya makuzi hapa Kijenge, Arusha: ilipie, ila wazee wametupwa

Nimemaliza ile kozi ya Jumamosi ya saikolojia ya makuzi ya binadamu, ile ya ukumbini huku Kijenge, na watu wameniuliza kwa meseji kama elfu themanini yao inalipika. Inalipika, hasa kama nyumbani una kijana aliyemaliza form four au chuo na hamuelewani, ila kuna sehemu moja wametuangusha na ntaisema maana sio ndogo.

Kwanza mwalimu. Huyu dada anajua anachofundisha, hasomi slaidi, anakaa katikati ya watu anaongea. Kaanza na Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyegawa maisha ya mtu kwa hatua, kaanza na yeye mwenyewe kabla ya nadharia yake, kwamba alizaliwa Frankfurt huko Ujerumani mwaka 1902, baba yake mzazi hakuwahi kumjua, akalelewa na baba wa kambo aliyekua daktari wa watoto na akatumia jina la huyo baba, Homburger, hadi alipopata uraia wa Marekani 1939 ndo akajiita Erikson. Yaani mtu aliyekuja kuwafundisha wengine kuhusu swali la mimi ni nani, lile swali alikua nalo nyumbani kwao tangu mtoto. Hapo ukumbi ulitulia kabisa, maana hapa mjini ni wangapi wamelelewa na bibi au mjomba na ukiwauliza ukoo wa baba wanaangalia chini?

Zile hatua zake nane, alizozitoa kwenye kitabu cha 1950, hakutukaririsha. Katueleza tu msingi, kwamba Freud, yule mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, alikaa sana kwenye miaka ya utotoni ila Erikson akasema mtu anaendelea kujengwa mpaka kaburini, na kila hatua ina mvutano wake, mtoto mchanga anapima kama dunia ni ya kuaminika, kijana anapima yeye ni nani, mtu wa makamo anapima kama anaacha kitu kwa wanaokuja nyuma yake. Na sio kwamba upande mmoja ushinde moja kwa moja, hata mtoto anahitaji mashaka kidogo, asiyemshuku mtu yeyote atapotea. Hilo nimelipenda sana kwa sababu wengi tumezoea kuambiwa mtoto akikosa kitu fulani utotoni basi kaharibika, na Erikson hasemi hivyo, kilichobaki nyuma mtu anaweza kukirudia akiwa mkubwa.

Siku ya James Marcia, mwanasaikolojia aliyelichukua lile swali la Erikson la kijana kujua yeye ni nani akalipima, ndo iliyojaa watu. Marcia mwaka 1966 alichapisha utafiti wa wanafunzi wa kiume wa chuo, aliwahoji kuhusu kazi, dini na siasa, na alitafuta vitu viwili tu: huyu kijana amewahi kuchunguza njia tofauti? Na je, ameshaamua? Ukichanganya majibu unapata watu wa aina nne. Yupo ambaye hachunguzi wala haamui, yupo aliyeamua bila kuchunguza, yupo anayechunguza bado hajaamua, na yupo aliyechunguza akaamua. Huyo wa pili mjini hapa tunao kibao, mtoto kaambiwa tangu darasa la tano atakua daktari, anaenda PCB (fizikia, kemia na baiolojia), anasoma kwa bidii, ukimuuliza kwa nini udaktari anakutajia baba. Na wa tatu ndo yule anayegombana na nyumba nzima, leo anataka kuwa muongoza watalii, kesho yuko Mererani anatafuta Tanzanite, keshokutwa anaomba mtaji wa saluni.

Mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, wangu ana miaka ishirini na nne, mnasema anachunguza. Anachunguza kwa chakula cha nani?" Mwalimu hakumpuuza, akamjibu, "Mzee wangu, hilo swali liko ndani ya nadharia yenyewe." Akaeleza kwamba mwanasaikolojia Jeffrey Arnett mwaka 2000 ndo aliandika kuhusu kipindi cha miaka 18 hadi 25 kama hatua ya peke yake, na Arnett mwenyewe alisema hatua hiyo iko kwenye jamii zinazompa kijana nafasi ya kuchelewa, shule ndefu na ndoa ya baadae. Familia isiyo na uwezo wa kulisha mtu mzima hiyo nafasi haipo, na kijana wa hapo sio kwamba ana kasoro.

Afu akaleta mambo ya huku kwetu, na hapo ndo thamani ya hela yangu niliiona. Nilikua sijui kwamba Mary Ainsworth, yule wa nadharia ya mfungamano wa mama na mtoto, kazi yake ya kwanza ya kuwafuatilia watoto majumbani aliifanya Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955, kabla ya yale majaribio yake maarufu ya Baltimore, Marekani. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia vitu halafu anarudi kumgusa mama, anaondoka tena. Na watoto wengine walishikamana pia na watu wengine wa nyumbani, kitu ambacho aliyelelewa na mama, bibi na shangazi kwa pamoja hahitaji kuambiwa mara mbili.

Akaja Bame Nsamenang, mwanasaikolojia wa Kameruni, na kitabu chake cha 1992, anayesema mtoto wa Kiafrika anakua kwa kukabidhiwa majukumu, tumwa dukani, lea mdogo wako, chunga, na utu wake unapimwa na jamii hatua kwa hatua tangu kupewa jina hadi kuwa mzee. Hapo mzee wa Kiarusha akasimama kueleza rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja, toka laioni (mvulana ambaye hajatahiriwa) hadi morani (kijana aliyetahiriwa) hadi wazee, jinsi kundi zima linavyovuka pamoja na kubaki na jina lake, Makaa au Korianga, hadi mwisho wa maisha. Tulibishana vizuri. Wengine walisema kwa kipimo cha Marcia morani ni yule aliyeamuliwa bila kuchunguza. Mi sikubali. Rika linakupa watu wako na wakati wako wa kuvuka, ila utakua morani wa namna gani bado ni juu yako, na leo kuna morani mlinzi Dar na morani yuko chuo, wote rika moja. Natamani Marcia angewahoji hao pia.

Sasa kasoro. Notsi zote ni za Kiingereza wakati darasa zima linaongea Kiswahili, watu walikua wanapiga picha ubao. Kuanza ni kuchelewa kila Jumamosi. Hayo yanavumilika. Uzee ndo hauvumiliki, umepewa nusu saa ya mwisho wakati watu wanaangalia saa, na nusu ya darasa tunauguza wazazi. Joan, mke wa Erikson, aliongeza hatua ya tisa kwenye toleo la 1997, mumewe alishafariki 1994 na yeye akiwa na miaka tisini na kitu, akieleza kwamba mwili ukianza kukataa, mivutano ya zamani yote inarudi, mtu anakosa imani hata na miguu yake mwenyewe. Hii ingemsaidia sana mtu ambaye mama yake yuko Ngaramtoni anakataa kuogeshwa na binti yake. Imetajwa kwa sentensi moja.

Kitu kingine kizuri, walimweka mshauri nasaha pembeni kwa ambao mada ziliwagusa, na alitumika kweli. Chai na maandazi vipo ndani ya ada. Awamu nyingine wanaandikisha kuanzia Januari, nimewaandikia waupe uzee Jumamosi nzima na notsi ziwe za Kiswahili, wakifanya hivyo nalipia mimi na dada yangu.