Kuchagua chuo cha MBA ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: kipi kianze, kipi kisubiri

Ukiuliza MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, inagharimu kiasi gani, utatajiwa ada. Ada ni sehemu nyepesi kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi. Kinachomaliza watu ni kuchelewa: masomo ya darasani yanakwisha, tasnifu, yaani andiko la utafiti wa mwisho, inalala mwaka mzima, chuo kinadai malipo ya kuongezewa muda, na mwishowe mtu anaacha akiwa na matokeo ya masomo lakini hana shahada. Ndiyo maana mpangilio huu haukufuata ukubwa wa jina la chuo. Umefuata swali moja tu: mtu mwenye kazi na familia Nyanda za Juu Kusini, wapi ataanza na kumaliza?

Kwanza jiridhishe kwamba unachohitaji ni MBA. Mhasibu ambaye hana CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, afikirie mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, inayofanyika Mei na Novemba, kabla ya kutoa mamilioni kwa shahada ya uzamili. Kwenye matangazo mengi ya kazi za uhasibu, CPA ndiyo inayoulizwa kwanza. Mtu wa ununuzi na ugavi aangalie mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo, kwa jicho hilohilo. Mtumishi wa halmashauri asome muundo wa utumishi wa kada yake, kisha amuulize afisa utumishi kwa barua kama MBA itatambuliwa na kama jina lake liko kwenye mpango wa mafunzo. Jibu la mdomo halina uzito siku afisa huyo akihamishwa.

MBA inamfaa zaidi mtu aliyebobea kwenye fani nyingine anayekabidhiwa uongozi: mhandisi wa kiwanda cha chai Mufindi anayepandishwa kuwa meneja, mganga mkuu anayesimamia bajeti ya hospitali, meneja wa tawi la benki Mwanjelwa, au mwenye kampuni ya parachichi Njombe aliyefika mahali ambapo hesabu za kichwani hazitoshi tena.

Nafasi ya kwanza: chuo unachoweza kukifikia baada ya kazi

Kwa wa Mbeya mjini, Mbalizi na Uyole, anza na Ndaki ya Mbeya, yaani tawi la Mbeya la Chuo Kikuu Mzumbe. Mzumbe ilikuwa chuo cha uongozi kwa miongo mingi kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, na mizizi hiyo inaonekana: mtu wa serikali za mitaa na mashirika ya umma atajikuta nyumbani. Usiishie kusoma orodha ya kozi za Mzumbe kwa jumla. Piga simu ndakini uulize mkondo unaoutaka unafunguliwa Mbeya mwaka huo au ni Morogoro tu, na darasa linahitaji watu wangapi ili lianze. Mkondo wenye waombaji wachache unaweza kuahirishwa, nawe umeshaomba ruhusa kazini.

Pima pia barabara. Ratiba ikisema kipindi cha saa kumi na moja jioni, jaribu safari ya kutoka Uyole au Mbalizi siku ya kazi, si Jumapili. Malori ya Tunduma yanapobanana kwenye barabara kuu ya TANZAM, mwendo wa nusu saa unageuka saa moja na zaidi. Mwanafunzi anayekosa nusu saa ya kwanza ya kila kipindi atafika kwenye mtihani na mapengo, na mtihani wa marudio, ile sapu, hurudisha nyuma kalenda yote.

Kwa wa Iringa mjini, Ilula na Mafinga, nafasi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Iringa, chuo cha KKKT kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini hadi kilipopata hadhi kamili mwaka 2013. Mafinga ni kama kilomita 80. Safari za wikiendi zinawezekana, za kila jioni hapana. Iringa ina pia Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, kwa hiyo linganisha kozi za uzamili za vyuo vyote viwili kabla ya kujaza fomu.

Nafasi ya pili: Chuo Kikuu Huria

Kwa aliye Ludewa, Makete, Sumbawanga, Songea au Tunduma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinapanda hadi nafasi ya kwanza. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu walio mbali na madarasa, na kina vituo mikoani, vikiwemo Mbeya na Iringa. Hulipi kodi ya chumba cha pili wala huachi kazi.

Ugumu wake ni nidhamu ya saa. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 1,800. Zigawe kwa miaka miwili: ni saa 17 na kidogo kila wiki, karibu saa mbili na nusu kila siku pamoja na Jumapili. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18, ni saa 23 kwa wiki. Darasani, mwalimu hukusaidia kuzipata saa hizo. Ukisoma peke yako, hakuna anayekuamsha. Kabla ya kujisajili, jaribu wiki nne: saa mbili na nusu kila siku na kitabu cha takwimu au cha fedha. Ukishindwa wiki ya pili, tafuta chuo chenye darasa, hata kama nauli ni kubwa.

Nafasi ya tatu: Dar es Salaam na Arusha

Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina jina linalofungua milango ya ofisi za makao makuu, na wanafunzi wenzako watakuwa watu wa benki, bandari na mawasiliano. Ni chaguo bora kwa mwenye ruhusa ya masomo yenye mshahara au anayehamia huko. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo usijidanganye kwamba utakuwa unakwenda na kurudi. ESAMI ya Arusha, taasisi ya mafunzo ya usimamizi ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inawalenga mameneja walioko kazini. Inamfaa ambaye mwajiri analipa.

Nafasi ya nne: nje ya nchi kwa intaneti

Hapa jina la ithibati, yaani chombo kilichothibitisha ubora wa shule, lina kazi. AACSB ya Marekani, EQUIS ya Ulaya na AMBA ya Uingereza ndizo zinazotazamwa na waajiri wa kimataifa. Afrika Kusini, shule za biashara za Cape Town na Stellenbosch zina zote tatu. Kabla ya kulipa, wasiliana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo, kwa sababu cheti cha nje kisichotambuliwa hakitakusaidia kwenye utumishi wa umma. Ukikuta chuo kinachokupa MBA kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya miezi michache, funga ukurasa huo. Ada ikitajwa kwa dola, ongeza akiba ya kupanda kwa dola kwa miaka yote miwili.

Rafu inayosema ukweli

Kipimo kizuri kuliko vipeperushi vyote kiko maktaba. Omba kuona tasnifu za MBA zilizojalidiwa za miaka mitatu iliyopita. Chukua kumi. Kwenye jalada kuna mwezi na mwaka wa kuwasilisha. Namba ya usajili ya mwanafunzi, pale ilipoandikwa, mara nyingi hubeba mwaka aliojiunga. Toa mwaka mmoja kutoka mwingine. Ukikuta wengi wametumia miaka minne kwa kozi ya miaka miwili, umepata jibu ambalo ofisi ya udahili isingekupa. Halafu soma ukurasa wa uthibitisho wenye jina la msimamizi. Jina moja likijirudia kwenye tasnifu sita kati ya kumi, ujue mwalimu huyo amezidiwa, na sura yako itakaa mezani kwake wiki nyingi.

Ukitoka hapo, nenda ofisi ya masomo ya uzamili ukiwa na maswali haya: msimamizi anapangwa lini, kabla au baada ya masomo ya darasani? Ana siku ngapi za kurudisha sura aliyopewa? Jopo la kutetea pendekezo la utafiti hukaa mara ngapi kwa mwaka? Jopo likikaa mara mbili tu, kukosa tarehe moja ni miezi sita imepotea. Chuo kinachopanga msimamizi muhula wa kwanza kipe alama za juu, hata kama majengo yake ni ya kawaida.

Upande wako, njoo na mada ambayo data zake unaweza kuzipata. Wengi hukwama kwa kuchagua kampuni isiyotoa takwimu zake. SACCOS ambayo bodi yake inakufahamu, wafanyabiashara wa mbao Mafinga, vyama vya wakulima wa kahawa Mbozi, skimu za mpunga Mbarali: kote huko unaweza kufika kwa basi na kurudi na madodoso yaliyojazwa. Pata barua ya kukubaliwa kabla hujaandika sura ya kwanza.

Fedha, kwa kalamu

Omba mchanganuo kamili wa ada, siyo jumla. Tafuta mistari hii: usajili, mitihani, usimamizi wa tasnifu, ukaguzi wa wizi wa maandishi, kujalidi nakala, mahafali, na malipo ya kila muhula wa ziada. Huo wa mwisho ndio muhimu kuliko yote.

Kisha ongeza safari. Tuseme mtu wa Njombe anasoma Iringa kila wikiendi na kila safari inamgharimu shilingi 70,000 kwa nauli, chumba na chakula. Muhula wa wiki 15 ni shilingi 1,050,000. Mihula miwili ni shilingi 2,100,000, nje ya ada.

Mwenye deni la Bodi ya Mikopo tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Akiongeza mkopo wa benki, anaweza kugonga kanuni ya kubakiza mkononi angalau theluthi moja ya mshahara, benki ikakataa wakati barua ya udahili iko mkononi. Uliza benki kwanza, ombi la chuo lifuate.

Nyaraka zinazokwamisha

Sifa ya kawaida ni shahada ya kwanza yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 2.7. Aliye chini ya hapo aulize kuhusu stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Ni njia halali, na wengi huipita salama.

Linalokwamisha zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, kitambulisho cha NIDA kimeandika "Mwakyusa" kwa herufi tofauti. Panga vyeti vyote mezani usome herufi kwa herufi. Panapotofautiana, nenda kwa wakili mapema uulize kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, kwa maana ombi la masomo linaweza kukubaliwa leo na uhakiki wa vyeti ukaibua tofauti hiyo siku ya kutunukiwa.