SDCS RX-78-2: Gundam fupi, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa dola

Boksi ni jepesi hivi kwamba anayelishika mara ya kwanza hudhani ni tupu. Litikise ndipo utasikia. Ndani kuna roboti ya Gundam, namba yake RX-78-2, ambayo haijaungwa: vipande vidogo vinavyoning'inia kwenye matawi ya plastiki, karatasi ya stika na mchoro wa maelekezo. Ikishasimama mezani inafika kama nusu ya kalamu ya biki, kichwa kikubwa, miguu mifupi, mkono mmoja ngao, mwingine bunduki. Umbo hili huitwa SD (super deformed): mhusika yule yule wa katuni ya Kijapani iliyoanza kurushwa mwaka 1979, kafupishwa makusudi. Gundam za kuunga zilianza kuuzwa na Bandai mwaka 1980, hizi za kichwa kikubwa zikapata safu yao ya BB Senshi mwaka 1987, na SDCS (SD Gundam Cross Silhouette), safu ya boksi hili, ikatoka 2018.

Kinachoitofautisha SDCS na ndugu zake wa zamani ni kiunzi. Roboti inajengwa kama mtu, mifupa kwanza, kisha inavalishwa deraya. Na kwa kuwa viunzi vya safu hii vimetengenezwa kwa mpango mmoja, deraya ya Gundam inaweza kuvalishwa kiunzi cha Zaku II, roboti ya adui katika katuni, ya Zaku ikaenda kwa Gundam. Mtu anayekusanya akiwa na maboksi matatu anaweza kuchezesha maumbo mengi kuliko matatu. Plastiki imetoka kiwandani na rangi yake, nyeupe, bluu, nyekundu, manjano, na vipande vinashikana kwa kubanwa na vidole. Kole haihitajiki. Ukiona umeanza kuitafuta kole, ama umekosea hatua, ama umeuziwa nakala.

Nakala ndiyo taabu yenyewe kwa mnunuzi wa Lubumbashi. Mzigo uliopita mpaka wa Kasumbalesa umelaliwa na mizigo mingine, kwa hiyo boksi lililobonyea lisikutie hofu wala boksi zuri lisikupumbaze. Kagua ndani. Mwambie muuzaji kwa upole, "Mama, tufungulie kidogo tuone piesi." Mifuko haina haja ya kupasuliwa, maana maandishi yanasomeka kupitia nailoni. Kila tawi lina kibao kidogo kilichochongwa: jina la Bandai, herufi ya tawi (A, B, C) na aina ya plastiki, kwa mfano PS (polistireni). Kwenye nakala mara nyingi pale pa jina pamekwanguliwa, pamebaki kovu. Tazama pia kingo za vipande: utando mwembamba wa plastiki uliovuja pembeni ni dalili ya kalibu mbovu ya kiwandani, na vipande vya hivyo havitabana sawasawa. Bei hutajwa kwa dola na chenji inaweza kurudi kwa franka, basi kubalianeni kiwango kabla ya kulipa, na noti yako isiwe na mpasuko hata wa ukucha, itakataliwa.

Sasa kazi. Usinyofoe kipande kwa kukizungusha kama unavyochuma embe. Kipande kimeshikwa na tawi kwa kikonyo, na ukikizungusha plastiki inavutika na kuacha doa jeupe, au inang'oa nyama ya kipande na kuacha shimo. Kata mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali, milimita mbili au tatu kutoka kwenye kipande. Wa pili, kipande kikiwa mkononi, ubakize kisiki kidogo. Kisiki hicho kipunguze kwa wembe, tabaka jembamba jembamba, kisha msasa namba 400, halafu 800. Koleo maalumu lisipopatikana, kikata kucha kipya kinafanya kazi vizuri, mradi upande wake bapa uelekee kwenye kipande. Koleo la fundi umeme linaponda, halikati. Pembe za manjano za kichwani zikate mwisho kabisa. Ni nyembamba, na zikianguka kwenye sakafu ya saruji jioni umeme umekatika, utazitafuta kwa tochi ya simu mpaka magoti yaume.

Fuata namba, usifuate macho. Maelekezo ni ya Kijapani lakini michoro inajieleza: A3 maana yake tawi A, kipande 3. Bega la kulia na la kushoto yanafanana kama mapacha, na ukiyabadilisha utagundua umechelewa. Kipini kikikataa kuingia tundu lake, usikigonge. Kata ncha yake kidogo kwa mshazari kisha jaribu tena.

Kuna dawa za mtaani ambazo huua roboti. Rangi ya kucha ndiyo ya kwanza. Watu huipaka kuongeza wekundu, lakini viyeyusho vyake hula plastiki ya PS, uso unalainika na kukunjamana. Kile cha kutolea rangi ya kucha ni kibaya zaidi. Kole ya kukauka papo hapo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kuzunguka mahali ulipoitia, na ikiingia kwenye kiungo, kiungo kimekufa. Mkono uliolegea unatibika kwa kole nyeupe ya karatasi: paka tabaka jembamba kwenye gololi ya kiungo, iache nje ya tundu siku nzima ikauke, ndipo uirudishe.

Stika ni upande dhaifu wa bidhaa hii. Sehemu ndogo za rangi zinazitegemea, na mafuta ya vidole yanatosha kuzifanya ziinuke pembeni. Nawa mikono, zishike kwa kibanio cha nyusi, zikandamize kwa kijiti cha meno kuanzia katikati kwenda nje. Mistari ya deraya ipitishie penseli yenye ncha kali, futa inayozidi kwa raba. Huo mstari wa penseli peke yake unabadilisha sura nzima ya roboti, na karibu haugharimu kitu.

Ubaya mwingine: kwa umbo la SD miguu haina mwendo mkubwa. Atakaye goti na kiwiko cha kukunja anunue kiunzi cha CS (Cross Silhouette), kinachouzwa peke yake, na roboti inakuwa ndefu. Kipo cheupe na cha kijivu, na kwa RX-78-2 chukua cheupe.

Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu linajaa kwenye mifereji yote. Brashi laini ya kupakia poda inatosha. Ikibidi kuosha, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sehemu zenye stika zisilowe, na anika kivulini.