UPS ya 650VA kwenye steshenari yangu: miezi 20 sasa

Nilikuwa namchapia binti wa chuo ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 30 na ushee, umeme ukakatika. Tangu asubuhi sijasevu. Hakunigombeza, alikaa tu kwenye benchi akanitazama nikianza upya. Kesho yake nikapanda daladala la Kariakoo kutafuta UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika.

Dukani swali ni moja tu: "Unataka ya ngapi?" Nikachukua ya 650 kwa shilingi 150,000, maana boksi lilichorwa kompyuta na printa zimekaa pamoja. Ile picha iliniponza. 650 ni VA (volti mara ampea), si wati, yaani si mzigo halisi inaoweza kuubeba. Wati zenyewe zimeandikwa nyuma kwa herufi za kusoma kwa miwani: 360. Kompyuta yangu na skrini vinakula kama 110 nikiwa nachapa, hapo hamna shida. Ila printa ya leza, inapopasha moto pale inapoyeyushia tona kwenye karatasi, inaweza kuvuta mamia ya wati kwa mkupuo, hata kukaribia 1,000. Niliichomeka humohumo, nikatuma karatasi moja, UPS ikalia piiiii, ikazima kila kitu na umeme wa ukutani upo! Siku hizi printa nimeihamishia ukutani, kwenye gadi ile ya friji.

Boksi lilisema "hadi dakika 30". Ikiwa mpya nilipata 14, na ruta ikiwemo. Ndani mna betri moja ya 12V 7Ah, na betri ndogo hivyo ukiivuta kwa pupa haikupi yote iliyo nayo. Dakika hizo 14 zinatosha kusevu, kumalizia ukurasa na kuzima mashine kwa adabu. Anayetaka kuchapa kazi masaa matatu gizani akanunue inveta, asiitese UPS.

Nilichokipenda sikukitarajia. Jioni mtaani kwetu umeme unashuka, feni inazunguka kama imelazimishwa, na zamani kompyuta ilikuwa inajizima na kujiwasha. Hii ina AVR ndani, yaani kirekebisha volti: nasikia "tik", inapandisha umeme yenyewe bila kugusa betri. Kwangu kazi hiyo ina faida kuliko zile dakika 14.

Mwezi wa 15 ikafa. Umeme ukikatika, nayo sekunde hiyohiyo chali. Fundi alipoifungua, betri ilikuwa imevimba hadi ikagoma kutoka. Akaniuliza nilikuwa naiweka wapi. Chini ya meza, nyuma ya maboksi ya karatasi, juu yetu bati bila dari. Betri hizi za risasi zinauawa na joto, akasema, nami sikuwa na la kujitetea.

Tulienda kununua nyingine naye akiwa na multimita mfukoni. Ya kwanza waliyotupa ilisoma volti 12.1, yaani imekaa rafuni hadi imechoka. Tukairudisha, muuzaji kanuna. Ya pili 12.8, tukalipa 40,000. Sasa UPS inakaa juu ya meza na inapata hewa, ingawa mlio wake umeme ukikatika unamwamsha mtoto wa jirani anayeuza vocha.

Naipa nyota nne. Ningenunua leo ningechukua ya 1000VA, na ningeifungua palepale kaunta nipime betri kabla ya kutoa hela.