Nilikimbilia kasi ya diski, betri ikanirudisha

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa. Nasikiliza, naandika, narudisha nyuma, nasikiliza tena. Mara nyingi naifanya mahali ambapo soketi ya umeme iko mbali au imeshawahiwa na mwingine. Nimepitia laptopu tatu katika kazi hii. Ya tatu, niliyokaa nayo miezi 14 sasa, ndiyo nataka kuieleza, ila haielezeki bila zile mbili zilizoitangulia.

Ya kwanza ilikuwa na diski ngumu ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Nilikuwa naiwasha, naenda kuoga, nikirudi taa ya diski bado inapepesa. Nilipoing'oa ile diski na kuweka SSD, yaani diski ya chipu, ya kawaida ya SATA (muunganisho wa zamani), mashine ileile ilifufuka. Prosesa ile ile, RAM ile ile, lakini programu ya kunukuu sasa inafunguka kabla sijavaa vipokea sauti.

Sababu yake niliielewa baadaye. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna mkono wenye kichwa kinachosoma juu ya sahani. Kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, sahani inahitaji takriban milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, hivyo kichwa kwa wastani kinangoja milisekunde 5 na nusu mpaka data ipite chini yake, na hapo hujahesabu muda wa mkono wenyewe kusogea. Ukijumlisha yote, haifikishi vipande 100 vya data iliyotawanyika kwa sekunde. Kompyuta inapowaka inasoma maelfu ya vipande vidogo kama hivyo. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea. Inajibu ndani ya sehemu ya kumi hivi ya milisekunde. Ndiyo maana tofauti ile unaihisi hata kama hujui lolote kuhusu kompyuta.

Hapo nikaamini kwamba kasi ikizidi, raha nayo itazidi. Laptopu ya pili niliichagua kwa namba moja tu: SSD ya NVMe, muunganisho mpya wa kasi zaidi, inayosoma megabaiti 5,000 kwa sekunde, wakati SATA inakomea kama 550. Mara tisa! Kioo chake kilikuwa cha 4K, yaani chenye nukta nyingi mno, kinang'aa vizuri mno. Kuhusu betri, maelezo yalisema "hadi saa 10", nami nikaona inatosha.

Siku ya kwanza ya kazi ya kweli ilizimika kabla haijamaliza saa 4 tangu nichomoe chaja. Mahojiano yalikuwa yanaendelea mbele yangu, mzee anasimulia jambo ambalo asingelirudia kwa namna ileile, nami natazama kioo cheusi. Kinasa sauti kiliokoa maneno yake, lakini maelezo niliyokuwa nayaandika pembeni, nani anazungumza, nani ameinua mkono, yalipotea. Kwa muda mrefu jambo lile liliniuma.

Na zile megabaiti 5,000? Sikuzihisi popote. Faili ya sauti ya saa nzima ni ndogo, na mwanadamu haandiki kwa kasi inayoitoa diski jasho. Hata kunakili rekodi kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu hakukuwa haraka zaidi, kwa sababu kadi ndiyo iliyokuwa ya polepole, na safari ya data inafuata mwendo wa aliye nyuma. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD nilipata kitu kikubwa. Kutoka SSD kwenda SSD ya kasi mno, kwa kazi yangu, nilipata namba.

Ndipo nilipojifunza kusoma betri. mAh (miliampea-saa, namba inayoandikwa kwenye betri) peke yake inadanganya. Kinachosema ukweli ni wati-saa, kipimo cha nishati yote iliyomo, yaani mAh ukizidisha kwa volti kisha ukagawanya kwa 1,000. Simu yenye mAh 5,000 kwa volti 3.85 ina kama wati-saa 19. Laptopu yangu ya pili ilikuwa na mAh 3,600 tu, lakini kwa volti 11.4, kwa hiyo wati-saa 41. Ukishaijua namba hiyo, igawanye kwa wati ambazo mashine inakula. Ile ilikula kama wati 12 nikiwa kazini, na mlaji mkubwa alikuwa kile kioo nilichokipenda. 41 kwa 12, saa 3 na dakika 25. Hesabu ya darasani, nami sikuifanya.

Laptopu ya sasa ina wati-saa 70, kioo cha kawaida cha 1080p (nukta chache kuliko 4K), na SSD ya NVMe ya daraja la chini, gigabaiti 512. Inakula wati 8 au 9 nikinukuu huku mwanga wa kioo uko nusu. Napata saa 7, siku nyingine zaidi kidogo. Ilipokuja niliendesha amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows, ambayo inaonyesha betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Nimeiendesha tena juzi: 63 kati ya 70. Nikiwa mezani naiwekea kikomo cha chaji kwenye asilimia 80, kwa sababu betri za lithiamu huchoka haraka zikikaa zimejaa pomoni. Ukinunua iliyotumika, omba ripoti hiyo kabla ya kutoa hela.

Kasoro zipo. Ni nzito, bega linajua. Kioo kinafifia ukikaa nje juani. Na SSD yake, nikinakili folda kubwa ya video, inaanza kwa mbio kisha inashuka ghafla, kwa kuwa sehemu yake ya kupokelea data haraka inajaa. Anayehariri video akiwa mezani, umeme uko ukutani, asinisikilize mimi. Kwake kasi ya diski ni muda wa kazi kabisa. Lakini hata mimi nisingechukua yenye eMMC, aina ya hifadhi ya bei nafuu, kwa ajili ya betri, maana hiyo aghlabu huwa imechomelewa kwenye bodi na huwezi kuibadilisha baadaye.

Ile diski ya mizunguko 5,400 sikuitupa. Niliivalisha kasha la USB, na kila Ijumaa jioni, laptopu ikiwa kwenye chaji, inahifadhi nakala za rekodi za wiki nzima. Inachukua muda wake, nami nakuwa nimeshalala.